Nyuma ya Dawa

Kwao Kongo, upande wa Kabare, juu ya mji wa Bukavu, mwanamke huitwa kwa jina la baba yake. Binti wa Namegabe ni M'Namegabe, na hilo linamtosha mpaka kaburini. Alipoletwa Bujumbura kuolewa, watu wa mtaa wetu wa Kinama hawakulielewa. Walidhani ile M' ni neno mama lililokatika njiani, wakaliunga wenyewe: Mama Namegabe. Wageni walimuuliza Namegabe hajambo, anasoma darasa la ngapi. Mwanzoni alikuwa akieleza. Baadaye alichoka, akawa anajibu kwamba Namegabe hajambo, amekwenda kuchunga ng'ombe. Hakuwahi kuzaa. Jina la baba yake likawa ndilo mtoto wake.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa matete. Chuo kikuu kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa kadiri vita vilivyoruhusu, na mimi siku nyingi nilikuwa nyumbani na vitabu vyangu vya biolojia. Mama yangu alinituma kwake kuchukua maziwa. Sikuwa mtu wa maneno, na nadhani hicho ndicho alichokipenda kwangu, kwa sababu watu walimchosha. Niliweza kukaa kwenye kigoda chake asubuhi nzima bila kumuuliza lolote, naye akaendelea kutikisa kibuyu mapajani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, macho ameyafumba, mpaka ungedhani amelala.

Aliuza mashanza. Ndivyo Wakongo wa upande ule wanavyoyaita maziwa ya mgando, yale mazito yenye ukali unaokunja shavu, na Kinama nzima ilikwisha kulizoea jina hilo, Wakongo kwa Warundi. Kibuyu alipewa na baba yake siku ya kuondoka kwao. Ndani kilikuwa cheusi kwa moshi na hakijawahi kuonja sabuni. Kila alipomaliza kuuza aliacha maziwa kidogo chini, kiasi cha kulowesha kidole, na juu yake akamimina maziwa mapya. Yale ya chini aliyaita mbegu. Mbegu ile, alisema, ni ileile ya baba yake, na baba yake aliipata kwa mama yake, na haijawahi kukatika.

Vitabu vyangu vilikuwa na maneno mengine kwa jambo hilohilo. Vilisema kwamba katika vitundu vidogo vya kibuyu kama kile wanaishi bakteria wasioonekana kwa macho, wanaokula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa ukali, na kwamba ukali huo huwazuia wale wanaoozesha, na hata baadhi ya wale wanaoleta magonjwa. Vilisema pia kwamba wengine wao, wakinywewa wakiwa hai, huweza kukaa tumboni kwa muda na kumsaidia mwenye tumbo. Siku moja nilimsomea. Alisikiliza bila kuacha kutikisa, kisha akauliza kama wadudu hao wana majina. Nikamtajia moja, la Kilatini. Akasema la baba yake lilikuwa jepesi zaidi.

Mwaka ambao vita viliimwaga Kinama yote barabarani, mume wake Callixte, aliyekuwa mwashi, aliharakisha kurudi kuangalia kama nyumba bado imesimama. Hakuonekana tena. Mama Namegabe alikuwa amekwishakimbilia mtaa wa Buyenzi, kibuyu kimefungwa mgongoni kwa kitenge. Kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, askari alimwamuru afunue amuone huyo mtoto. Akafunua. Askari alikitazama kile kichwa cheusi kisicho na macho, akamwambia apite haraka. Huko Buyenzi, katika nyumba walimojibana wanawake wengi na watoto wao, aliomba unga wa maziwa ya msaada, akaukoroga, akailisha mbegu. Wenzake walimsema. Wengine tunanyonyesha watoto, walisema, huyu ananyonyesha kibuyu.

Aliporudi Kinama alikuta kuta bila mabati. Alifunika chumba kimoja kwa turubai, akaanza tena. Maziwa aliletewa kwa baiskeli na Gélase, mfugaji wa Carama, ambaye alibakiwa na ng'ombe wachache na kuwalaza ndani ya nyumba iliyobomoka ili wezi wasiwaone. Askari wa bariyeri walikunywa sehemu yao, kilichobaki kikamfikia. Siku ambazo milio ya bunduki ilitoka upande wa Carama Gélase hakuja, na Mama Namegabe alikaa mlangoni akiitazama barabara, magoti ameyanyoosha kwa maumivu. Hakuwa hata na hofu. Nimechoka, aliniambia mara moja, mpaka kivuli changu kimechoka.

Hiyo ilikuwa miaka ya vikwazo. Nchi jirani zilifunga mipaka, na rafu za maduka zilibaki tupu. Lakini sukari ilikuwepo. Petroli ilikuwepo, sabuni ilikuwepo. Vyote vilikuwa nyuma. Ulimuuliza mwenye duka, akajibu hakuna. Ukasubiri wengine waondoke, ukamuuliza tena kwa sauti ya chini, akakuonyesha kwa kidevu mlango wa nyuma. Hivyo neno nyuma likapata uzito ambao halikuwa nao. Kitu cha nyuma kilikuwa kitu chenyewe. Cha mbele kilikuwa cha maskini na wasiojua mji. Na neno hakuna halikumfukuza mtu tena. Lilikuwa namna ya kuanza mazungumzo.

Kiangazi kile yakaingia macinya, ule ugonjwa wa kuhara damu. Mabomba yalikuwa makavu siku nyingi, watu walichota mtoni. Vidonge vya zamani vilikuwa vimeshindwa, ugonjwa ulikwisha kuvizoea. Zahanati ya mtaa ikapata dawa mpya ya msaada, kidogo, na ili isiuzwe sokoni ilibidi mgonjwa aimeze palepale, mbele ya muuguzi. Watu hawakuipenda. Dawa inayogawiwa bure, mbele ya macho ya kila mtu, ingekuwa dawa gani?

Muuguzi huyo aliitwa Sylvère, mtu mwembamba ambaye alikuwa akilala zahanati kwa sababu njia ya kwao haikuwa salama. Watu walimwita muganga, yaani daktari. Mmoja wa watoto aliowaponya ni mwana wa Dieudonné, fundi baiskeli wa kona yetu, mtu ambaye hakuweza kubeba habari bila kuiongezea mzigo. Siku ya kumtoa mtoto zahanati, Sylvère alimwambia baba kwamba dawa imefagia tumbo lote, wadudu wabaya na wazuri pamoja, kwa hiyo nyuma ya dawa ampe mtoto mashanza, kidogo kidogo. Katika Kiswahili chetu cha Bujumbura, nyuma ya maana yake pia ni baada ya. Hilo tu ndilo alilokusudia.

Dieudonné alisikia kile ambacho mtu yeyote wa Kinama angesikia miaka ile. Kwamba kuna dawa, na kuna kitu kilicho nyuma ya dawa.

Alinunua mashanza kwa Mama Namegabe, mwanawe akarudisha mashavu, na kila baiskeli iliyopita mikononi mwake ikaondoka na habari. Muganga mwenyewe amemnong'oneza, alisema. Wale wakubwa wa Kibenga kando ya ziwa hawamezi kile kidonge, wao wanatuma mtu kuchukua cha nyuma. Haikupita muda watu wakaanza kuingia kwa Mama Namegabe kupitia uani, kwa mlango wa jikoni, ingawa mlango wa mbele ulikuwa wazi na haukuwa na foleni.

Mwanzoni alifurahi. Maziwa yalikwisha jua likiwa bado chini, na alitania kwamba amengoja kuzeeka ndipo apate wachumba, tena wote wanapitia jikoni. Kilichomshtua kwanza ni chupa. Walikuja na vichupa vidogo vya dawa ya kikohozi badala ya vikombe, na wakauliza ni vijiko vingapi asubuhi na vingapi jioni. Katika maisha yake hakuwahi kusikia mtu akiuliza vijiko vya maziwa.

Kisha mjukuu wa bibi mmoja wa mtaa wa chini akafa. Alikuwa mtoto wa kunyonya bado, alihara damu, na hakupewa kitu kingine isipokuwa mashanza. Mama Namegabe alikwenda msibani, akakaa chini na wanawake wengine. Yule bibi alimfuata pale alipokaa, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa maziwa. Alisema angalau tulimpa kitu kizuri. Mama Namegabe alirudi akishika kuta za nyumba za watu. Angetukanwa, aliniambia, angejua la kufanya. Lakini alishukuriwa.

Kesho yake aliniomba nimsindikize zahanati. Tulimkuta Sylvère kwenye ngazi anakula muhogo uliopoa. Mama Namegabe alimweleza yote, mlango wa jikoni, vichupa, vijiko, mtoto wa msibani. Sylvère alicheka kwanza, kicheko kifupi cha mtu asiyelala, halafu akaurudisha muhogo kwenye sahani.

"Mi nilisema nyuma ya dawa," alisema. "Nyuma. Kama vile Jumanne iko nyuma ya Jumatatu."

"Muganga, hapa Kinama hata Jumanne wanaiuzia jikoni."

Alimuuliza kama basi maziwa yake ni mabaya. Sylvère alikataa. Alimweleza taratibu, kwa mfano ambao kila mmoja wetu aliujua kwa miguu yake. Tumbo la mtu ni mtaa. Lina wakazi wake, wengi kuliko watu wa mji huu, na wengi ni watu wema, wanasaidia kusaga chakula na kulinda nyumba. Ukiingia ugonjwa kama huu, ni wauaji wameingia. Dawa inapokuja inafukuza wote, haina muda wa kuuliza nani ni nani. Mtaa unabaki mtupu, milango wazi, na anayewahi kufika ndiye anayekaa. Ndipo mashanza yanapofaa, kupeleka wapangaji wazuri kabla wabaya hawajarudi. Hata hapo, alisema, hayafanyi ajabu. Yanasaidia, mtoto mmoja zaidi na mwingine kidogo.

"Lakini mama," alisema, "wauaji wakiwa bado ndani, we unaweza kutuma mutu arudi nyumbani?"

Sylvère hakumjua Callixte, mume wa huyu mama, wala hakujua kwamba alirudi nyumbani mapema mno.

Tangu siku hiyo Mama Namegabe alianza kukataa. Kila mama aliyeingia alimuuliza kama mtoto ameshameza dawa ya zahanati. Wote walisema ndiyo. Aliwaangalia watoto, akajua nani anasema kweli, na kwa wengine alisema maziwa hakuna. Walitabasamu. Walijua maana ya hakuna. Walivuta kigoda wakangoja, au walikwenda na kurudi na kitenge kipya au kipande cha samaki, kama vile ugumu wake ulikuwa bei. Sylvère alitangaza zahanati kwamba mashanza si dawa. Katekista alitangaza baada ya misa. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Wangesema nini kingine, hadharani, mbele za watu? Kadiri alivyokana ndivyo walivyoamini, na waliomwamini zaidi ndio waliokuwa na watoto wagonjwa zaidi.

Asubuhi aliyokuja Béatrice nilikuwepo, na jagi la mama mkononi. Béatrice alikuwa akiuza nyanya sokoni, mwanamke kijana mwenye mdomo mkali, na mwanawe Orlane alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Aliingia kwa mlango wa jikoni. Mtoto alikuwa amelazwa begani, macho yameingia ndani, na hakulia hata alipoteremshwa. Kitambaa chake kilikuwa na damu. Mama Namegabe alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kama tulivyomwona Sylvère akiwafanyia watoto, na ngozi ikabaki imesimama kama nguo iliyokunjwa.

Alimwambia aende zahanati sasa hivi, asikae. Béatrice akasema ameshakwenda, akiwa anaangalia sakafu. Mama Namegabe akasema, basi rudi, na maziwa hakuna. Nami nikasema, kwa sauti yangu ndogo, kwamba aende. Béatrice alinitazama kana kwamba nimetumwa kumtoa kwenye foleni. Akavuta kigoda, akaketi.

"Mi nitangoja," alisema. "Huyu dada aondoke kwanza."

Mama Namegabe aliwatazama, mama na mtoto. Niliona uso wake ukilegea, kama mtu anayetua mzigo asioweza kuubeba hatua nyingine. Kisha akakiinua kibuyu kutoka kwenye mkeka, kikiwa kimejaa, akatoka nacho kwa mlango wa mbele mpaka barabarani, mahali wanawake walipokuwa wakingoja maji kwenye bomba. Béatrice alimfuata, akidhani ndipo anapopimiwa.

Kwao maziwa hayamwagwi. Yakianguka kwa bahati mbaya wakubwa hunyamaza, na mtoto aliyeyaangusha hukumbukwa nayo. Yeye alikiinamisha kibuyu, akayamwaga yote vumbini. Yalitoka mazito, mapande kwa mapande, yakateremka mpaka mtaroni. Pale bombani mwanamke mmoja alijifunika mdomo. Halafu aliniambia nilete sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye kitambaa juu ya kabati. Nilijua anafanya nini. Nilileta.

Alitia maji ya moto, akatia sabuni na vijiwe vidogo vya barabarani, akaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akaketi palepale kwenye kizingiti, akakitikisa mapajani vilevile kama siku zote, mbele na nyuma. Povu lilitoka la kijivu, kisha likatoka jeupe. Akamwaga, akarudia. Alipomaliza alimsogezea Béatrice mdomo wa kibuyu puani.

"Umenusa? Nyuma apana tena kitu," alisema. "Imebaki mbele tu. Enda mbele, mwanangu."

Béatrice alimwita mchawi. Alisema mbele ya wote kwamba hajaona mwanamke anayemnyima mtoto maziwa na kuyapa mchanga, na kwamba tumbo ambalo halijazaa litajua nini. Hakuna aliyemtetea Mama Namegabe, hata mimi, kwa maana kwa macho ya barabara ile aliyosema yalikuwa kweli. Kisha Béatrice akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kitenge, akashika njia ya zahanati karibu akikimbia, kwa sababu hakukuwa tena na mahali pengine pa kwenda.

Gélase alipofika na bidoni yake ya maziwa, Mama Namegabe alimwambia akauze kwingine. Alikaa kizingitini na kibuyu mapajani, mikono imetulia. Sikujua kwamba mikono yake huwa inatulia. Siku zilizofuata hakuwafungulia wateja mlango wa mbele wala wa nyuma. Mama yangu alimpelekea uji, baadaye akaukuta palepale alipouacha. Mtaani walisema amerukwa na akili. Wale waliodhani Namegabe ni mtoto waliulizana kama amekufa, labda ndiyo sababu.

Habari za Orlane nilizipata zahanati na kumletea Mama Namegabe kitandani, nikipenya ua wa matete. Kidonge kilipondwa kwenye maji, akakimeza. Alinyweshwa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Kwanza hakubadilika. Halafu akalia. Mama Namegabe aliuliza kitu kimoja tu, kama alilia kwa machozi. Nikamwambia ndiyo, kwa machozi. Akageukia ukuta, na safari hii alilala kweli.

Damu ilipokwisha kabisa, Sylvère alikuja mwenyewe na kikombe mkononi. Alisema mtoto amepona ugonjwa lakini tumbo bado limelegea, hataki chakula, na dawa ile ni kali. Sasa ndiyo ile nyuma, alisema. Mama Namegabe alimnyooshea kibuyu bila neno. Sylvère alinusa, akakaa kitako sakafuni, na wote wawili wakacheka, kicheko kibaya ambacho sikupenda kukisikia.

Walijaribu. Gélase alileta maziwa, wakayaacha kwenye kibuyu kitupu yajigandie. Yalioza, yakatoa harufu chungu, na kuku hawakuyataka. Nilijua sababu yake kwa maneno ya kitabu: wale wema hawakuwepo kuwahi milango, wakaingia wengine. Nilinyamaza nayo. Yeye alijua kwa maneno yake.

Aliyeleta mbegu ni Dieudonné. Alikuja kwa mlango wa jikoni, akitazama huku na huku kama zamani, chupa ya bia ameificha ndani ya koti. Béatrice alikuwa amemfuata kwenye kona yake na kumwambia, mbele ya wateja, mambo ambayo mwanamume hapendi kuambiwa mbele ya wateja. Katika chupa mlikuwa na mashanza ya siku zile za kwanza. Hakuwa ameyanywa. Aliyaweka nyuma ya matairi mabovu, mahali penye giza, akiba ya siku ambayo dawa ya mbele itashindwa na mwanawe ataumwa tena.

"Inalia, mama," alisema. "Imekuwa kali mpaka inalia."

Alipofungua kizibo kweli ililia, ikatoa pumzi ndefu. Mama Namegabe alinusa. Alichovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu hata Dieudonné akaanza kuomba radhi kwa makosa ambayo hakuna aliyemtajia.

"Huyu ni Namegabe," alisema mwishoni. "Lakini ana njaa."

Akammimina kibuyuni, akamlisha maziwa mapya. Maziwa ya kwanza yalitoka na ladha ya sabuni, akayamwaga shimoni bila kuangalia. Yaliyofuata yalikuwa mepesi kama maji ya mchele. Magoti yalikuwa yamemzidi, kwa hiyo siku nyingine alinipa kibuyu mimi nitikise, naye akasikiliza mlio kwa sikio moja na kuniambia taratibu, taratibu, si ngoma. Yalipoganda vizuri hayakuwa yaleyale. Ukali wake ulikuwa mpana zaidi, na Dieudonné aliapa kwamba anasikia harufu ya tairi. Mama Namegabe alisema si kitu, kila aliyekimbia na kurudi amerudi na harufu ya alikolala.

Béatrice alikuja kwa mlango wa mbele. Alisimama nje akapiga hodi, jambo ambalo hakuna mteja alikuwa amelifanya kwa muda mrefu, na Orlane alikuwa mgongoni, mwembamba, kichwa kimekaa sawa. Hakuomba msamaha, na hakuna aliyemngojea auombe. Aliuliza kama kuna maziwa.

"Iko," alisema Mama Namegabe.

Béatrice alibaki amesimama. Neno hilo lilikuwa geni mlangoni, na nadhani hakujua linafuatwa na nini. Mama Namegabe akampokea mtoto, akamweka kwenye paja ambalo kwa kawaida hukalisha kibuyu, akamnywesha kwa kikombe kidogo kidogo. Mara ya kwanza Orlane alikunja uso mzima. Kisha akashika kikombe kwa mikono miwili, akakivuta.

Sote tulimtazama akinywa. Ilikuwa lazima mtu aseme kitu, na Béatrice, ambaye alikuwa amelelewa vizuri licha ya mdomo wake, aliuliza kile ambacho wageni wote waliuliza katika nyumba ile.

"Na Namegabe, hajambo?"

"Hajambo," Mama Namegabe akamjibu. "Alikuwa amepotea. Amerudi, ila amechoka."